Kitenge cha Miavuli Ulichozikwa Nacho

Mama,

Jana mahindi ya kwanza ya Cyanzarwe yalifika sokoni Mbugangari, na wewe hukuwepo kuyanusa kabla yetu. Niliyakuta asubuhi nikienda kazini. Mwanamke mmoja alikuwa ameyatandaza juu ya gunia, maganda bado mabichi, nami nikasimama palepale barabarani. Nilijua maana yake. Siku yako ilikuwa imefika, nami sikuwa nimejiandaa.

Wewe hukutaka kalenda. Nilipoajiriwa ukarani nilikuomba tuitafute tarehe yenyewe tuiandike ukutani, ukanicheka. "Karani wangu, siku ile sikukuwa na kalenda. Nilikuwa na batoto mbili na muhindi ya kuchoma." Ikabaki hivyo. Mahindi ya kwanza yakifika sokoni, kesho yake au siku ileile, unavaa kitenge unakwenda bariyeri, kwenye kizuizi cha mpaka na Goma.

Nakuandikia nikiwa mezani kwa Kaka Dezire. Viatu vyangu viko mlangoni, ncha zinatazama nje, tayari kwa kukimbia, kama ulivyotufundisha. Mlango wa jirani ukigongwa kwa nguvu kalamu inaniruka. Unisamehe mwandiko.

Nataka kwanza nilisimulie tena jambo lenyewe, ingawa ni lako, kwa sababu sasa wa kulisimulia ni mimi na ninaogopa nitalikosea.

Mlikuwa mmekimbia Masisi. Dezire alikuwa mtoto mchanga mgongoni kwako, mimi sikuwa hata wazo. Dada yetu Furaha alikuwa bado hajaanza kung'oka meno. Mlipofika Goma ulimnunulia hindi la kuchoma ili asilie, na mkono wake mwingine ukaupa pindo la kitenge chako, kile cha kijani chenye miavuli ya njano. Ukamwambia, "Shika hapa. Ukipotea usiulize mutu. Tafuta miavuli." Karibu na bariyeri wanajeshi wakapiga risasi hewani, watu wakasukumana, ukaanguka, ukainuka, ukabebwa na umati. Uliposimama tena ulikuwa umeshavuka mpaka, upande huu, penye ule ukuta wa mawe meusi ya volkano. Ukashika pindo lako. Hapakuwa na mkono.

Nimelisema sawa, Mama? Ulikuwa ukifika hapo unanyamaza, kwa hiyo sijui kama kuna kilichobaki.

Ulitoa matangazo redioni. Ulikwenda kwa wale waliokuwa wakiandikisha watoto waliopotea, ukarudi tena na tena mpaka wakafunga ofisi yao. Baada ya hapo ulibaki na ukuta. Kila mwaka, kwenye mahindi ya kwanza, ulisimama pale tangu watu wanapoanza kuvuka, umevaa miavuli, unaita: "Furaha wa Mama! Miavuli iko hapa!" Kitenge kilipochakaa ulimtafuta Mama Shukuru, muuza vitenge, akuletee kingine cha chapa ileile, kijani kilekile, njano ileile. Mimi nikiwa mwanafunzi nilikuwa nasimama mbali, karibu na wanawake wauza sambaza, nikijifanya nachagua samaki.

Basi nikuambie yaliyotokea tangu uondoke.

Ulipofariki, Tantine Noela, mdogo wako, alivuka kutoka Goma pamoja na wanawake wa kwaya kuja kukuvalisha. Unajua desturi yetu, mwanamke huzikwa na kitenge alichokipenda kuliko vyote. Mimi nilikuwa nahangaika na viti na turubai. Nilipoitwa kukuaga niliona miavuli ya njano chini ya kidevu chako, nikawaza tu kwamba umependeza. Watu wakanishika mabega wakiniambia nivumilie, "Ihangane, ihangane." Nilivumilia vizuri sana. Tuliporudi kutoka makaburini ndipo nilipofungua sanduku lako kutafuta shuka la mgeni, nikaona nafasi tupu pale kitenge kilipokuwa kikikaa. Nikakaa chini sakafuni.

Tulikuwa tumeizika alama ya Furaha.

Dezire alisema, "Sasa unataka tufanye nini, tufukue?" Alisema kwa ukali, halafu akatoka akawasha pikipiki yake, akaenda kubeba abiria siku ya msiba. Usimkasirikie. Baadaye kidogo nitakuambia alichoniambia.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hofu moja ambayo haikuwepo. Ulipokuwa hai sikuwahi kumfikiria Furaha sana. Alikuwa wako. Ulipoondoka akawa wangu ghafla, kama kazi unayoachiwa mezani na mtu aliyehamishwa bila kukueleza chochote. Nikaanza kuwaza: itakuwaje kama yuko hai? Itakuwaje kama mwaka huu ndio atakaovuka, baada ya miaka yote hii, mwanamke mzima, anatazama huku na huku anatafuta miavuli kama alivyoagizwa, na miavuli iko chini ya udongo?

Nilikwenda kwa Mama Shukuru. Alipekua rafu zake zote mpaka za juu, akapiga chafya, akasema chapa ile haitengenezwi tena. Akanitandazia kitenge cha buluu chenye miavuli myekundu. "Chérie, chukua hii. Muvuli ni muvuli." Nikamwambia siyo. Akanitazama, akakikunja taratibu. Yeye, unakumbuka, alipoteza watu wake wote katika mauaji ya kimbari ya hapa nchini, na kila mwaka wiki ya kumbukumbu huenda kuweka maua. Aliniambia jambo ambalo sijui kama aliwahi kukuambia: "Mi niko na jiwe la kuweka maua. Jina yao imeandikwa, nagusa kwa kidole. Mama yako alikuwa na ukuta tu, na ukuta haina jina. Mi nilikuwa namuonea huruma, naye alikuwa ananionea mi huruma."

Halafu vita vikaja, Mama.

Ulikuwa ukisema vitarudi, nasi tulikuwa tukikucheka. Kwa miezi tulikuwa tukisikia milio kutoka ng'ambo, mbali, nyuma ya vilima, mpaka tukaizoea kama mvua inayonyesha kwa wengine. Asubuhi moja nikiwa ofisini nilisikia mlio tofauti. Wenzangu walidhani ni lori limeangusha mabati. Mimi nilikuwa tayari niko chini ya meza, mdomo wazi, mikono kichwani, mbali na kioo. "Lala, fungua kinywa, usichungulie." Sikukumbuka kwa akili, mwili wenyewe ulikumbuka. Ulivyokuwa ukitupanga koridoni Jumapili, mimi na Dezire, tukilia kwa kicheko, nawe umeshika mwiko kama kamanda! Mlio wa pili ulitikisa dirisha. Mkuu wangu wa ofisi, mtu mzima mwenye suti, alitambaa akaingia chini ya meza yangu akaniuliza, "Kwa nini umefungua mdomo?" Nikamjibu, "Mama alisema." Akafungua na wake.

Makombora mengine yaliangukia upande huu. Watu walikufa, Mama, wa kwetu pia. Sitaandika zaidi ya hapo. Paa letu ni zima.

Siku zile nilikuwa nikikumbuka tulivyokuwa tukibishana kuhusu vitabu vyangu vya historia. Nilirudi shuleni siku moja nikakueleza kwa fahari kwamba mpaka huu wetu ulipiganiwa na Wajerumani na Wabelgiji, kwamba kulikuwa na mizinga hapahapa ziwani. Ulikuwa ukimenya viazi. Ukaniuliza, "Na banamuke walikimbilia wapi?" Nikatafuta kitabuni. Nikakuambia kitabu hakisemi. "Basi huyo aliandika hakuwa hapa." Nilisoma vita vingi baada ya hapo, na mapinduzi, na majina ya majenerali, nikafaulu mitihani yote. Kila mara swali lako lilikuwa limekaa pembeni ya ukurasa. Sasa nimeliona jibu kwa macho yangu. Walikimbilia kwetu.

Mpaka wa Goma, uliokuwa umefungwa kwa vita, ulipofunguliwa tena, ofisi ilitutuma makarani bariyeri, kuwapokea na kuwaandikisha wanaovuka. Tulipangiwa meza chini ya turubai. Jina, umri, ametoka wapi, ana mwenyeji au hana. Walikuja na magodoro kichwani, na kuku, na televisheni iliyofungwa kwa shuka, na bibi mmoja alikuwa na sufuria ya maharage yenye moto bado. Nilikuwa naandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usomeke. Na kila mwanamke wa umri ule aliposimama mbele yangu nilikuwa namtazama masikio, kwa sababu ulisema Furaha alikuwa na masikio yako. Mmoja akaniuliza, "Iko nini kwa sikio yangu?" Nikasema hakuna kitu, dada, pita.

Tantine Noela alikuja katika kundi hilo, viatu viwili tofauti miguuni. Nilikuwa nimemwekea hasira tangu siku ya mazishi. Nilikuwa nimeipanga kabisa, nitamwambia hivi na hivi. Nilipomwona na vile viatu nikamkumbatia nikampeleka kwa Dezire. Hata hivyo hasira haikutoka. Kesho yake, tukiwa tunachambua mchele, ikanitoka yenyewe. Nikamuuliza kwa nini alikizika kitenge wakati alijua vizuri ni cha nini.

Hakushangaa. Aliendelea kuokota vijiwe kwenye mchele.

"Mi sikusahau," alisema. "Mi nilifanya kwa kujua. Furaha alikuwa mudogo, bunduki ilikuwa inalia, watu walikuwa wanakanyagana. Mi nilikuwa Goma siku ile, niliona barabara watu walipomaliza kupita. Dada yangu hakuona. Mi niliona. Sikumuambia hata siku moja. Nikasema, sasa anaenda kule mutoto iko. Aende na miavuli yake, mutoto amujue haraka, asihangaike tena."

Mama, wewe ulilijua hilo? Kwamba mdogo wako alikuwa akikuona ukivaa kitenge kila mwaka, huku moyoni ameshamzika mtoto, na hakukuzuia hata mara moja? Nilimuuliza kama aliuona mwili. Alisema hakumwona Furaha. Aliona watoto. Hakukaribia.

Basi hajui. Hakuna anayejua. Mimi ni karani, kazi yangu ni kuweka kila mtu mahali pake, na dada yangu sina pa kumweka. Nikimwita marehemu naogopa, nikimwita hai naogopa zaidi.

Dezire alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Ndipo alipolisema lile lake. "Mi ndiye nilikuwa mugongoni. Kama ningekuwa nimeshaanza kutembea, yeye angekuwa mugongoni. Sasa muniambie, niende kumuita na mudomo gani?" Kisha akasema tuliache jambo hili, Mama amekufa, Furaha apumzike, vita haijaisha, na pale bariyeri si mahali pa mtu kusimama bila sababu. Alisema kweli tupu. Nilikubali. Nilipata hata nafuu, nakuungamia, kwa sababu ninaogopa kuita mbele za watu karibu kama ninavyoogopa makombora.

Hivyo ndivyo tulivyoamua. Halafu jana yakaja mahindi.

Nilipita nikaenda kazini. Nikaandikisha watu. Mchana tulipopewa nafasi ya kula, wenzangu wakaenda kutafuta chai, nami nikajikuta natembea kuelekea ukuta wako. Sikuwa na kitenge. Nilikuwa na sketi ya kazi na kitambulisho shingoni. Nikasimama pale ulipokuwa ukisimama, pale jiwe limelainika kidogo, sijui kama ni kwa mgongo wako au nimelitungia tu. Foleni ya watu ilikuwa imetoka ng'ambo, imejipinda, mwisho wake siuoni.

Askari mmoja kijana alikuja. "Dada, unamsubiri nani?"

Nikasema dada yangu.

"Alivuka lini?"

Nikasema bado. Akanitazama, akatazama kitambulisho changu, akaniacha.

Nilifungua mdomo. Unajua sauti yangu. Ilitoka kama ya mbuzi aliyefungwa. "Furaha!" Hakuna kilichotokea. Nikavuta pumzi nikaita tena, kwa nguvu zote, kama ulivyokuwa ukiita wewe, ila sikuweza kusema miavuli iko hapa, maana haikuwepo. Nikasema, "Furaha wa Masisi! Furaha wa Mama Dezire!"

Wanawake wakageuka. Mama, walikuwa wengi! Sikuwahi kufikiria ni watu wangapi waliowapa watoto wao jina hilo miaka ile ya bunduki. Msichana mmoja mwenye godoro akasema, "Mi ni Furaha, lakini mi niko na mama, huyu hapa nyuma, na hanyamazi." Na mama yake kwa nyuma, "Nani huyo anaita mutoto yangu? Anamudai nini?" Watu wakacheka. Wamechoka, wana vumbi mpaka kwenye kope, na wakacheka, na mimi nikacheka nikiwa nalia.

Mwingine hakucheka. Mwanamke wa umri ule. Alitua beseni lake chini, akatoka kwenye foleni, akaja karibu yangu kabisa, akanitazama uso wote. Nilimtazama masikio, sikuweza kuona, alikuwa amejifunga kitambaa.

"Furaha wa nani ulisema?"

"Wa Mama Dezire. Wa Masisi. Alipotea hapa akiwa mdogo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani. "Mi ni wa Minova. Mama yangu namujua, nilimuzika mwenyewe." Nikamwomba radhi. Akasema, "Hapana. Ita tena. Watu iko wengi nyuma." Nikajaribu, sauti ikakatika. Basi yeye akageuka, akaelekea foleni, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ambayo ilipita yangu na ya kwako: "Furaha wa Masisi! Wa Mama Dezire! Dada yake iko hapa kwa ukuta!"

Mtu wa mbele akalipokea jina akalitupa nyuma. Wa nyuma yake akalitupa nyuma zaidi. Wanaume pia. Nilimsikia mzee mmoja akilikosea, akisema Furaha wa Mama Désirée, na mwingine akamsahihisha. Likaenda hivyo, mdomo kwa mdomo, likapita bariyeri, likapinda pale foleni inapopinda, likaingia Goma mahali ambapo sisi hatuwezi kwenda sasa. Nikawa nalisikia linapungua, linapungua, mpaka sikulisikia tena. Miaka yote ile wewe uliita mpaka sauti yako inapoishia. Jana lilifika mbali kuliko hapo.

Hakutoka mtu. Nakuambia ukweli, sitakuongezea chumvi. Nilisubiri mpaka nilipolazimika kurudi mezani, na alasiri yote niliandika nikiinua macho kwa kila atakayesimama mbele yangu. Nilipoangalia ukutani mara moja nilimwona Dezire. Pikipiki imezimwa, kofia mkononi, amesimama pale pale. Hakuita. Lakini alikuwa amenunua hindi la kuchoma, amelishika, na hakulila.

Jioni Tantine alituuliza tulikokuwa. Dezire akasema, "Kwa Mama." Tantine alitupakulia chakula, na nilipomtazama alikuwa akituwekea sahani moja zaidi, akasita, akairudisha kabatini.

Mama, bado naogopa. Milio haijaisha kabisa, na hata ikiisha sidhani kama nitaacha kulala karibu na koridoni. Lakini ile hofu moja, ya kitenge, imebadilika umbo. Sitakitafuta tena kwa Mama Shukuru. Kiache hukohuko. Ikiwa Tantine amesema kweli na Furaha yuko upande wako, basi umevaa ile miavuli uliyomwagiza aitafute, na tayari ameshakuona kwa mbali, na ninyi wawili mnanicheka mimi na sauti yangu ya mbuzi. Ikiwa bado yuko upande huu, huyo ni wangu. Wewe tafuta huko kwa macho. Mimi nitatafuta huku kwa sauti.

Lala sasa, mama yangu. Umesimama vya kutosha. Mwakani, mahindi ya kwanza ya Cyanzarwe yakifika Mbugangari, nitakuwa kwa ukuta, vita viwepo visiwepo, na nitaliita jina kwa mtu wa kwanza kwenye foleni alipeleke nyuma. Nikimpata, nitamleta kaburini kwako akiwa ameshika pindo la nguo yangu.

Mwanao, karani wako,
Alina